Mbawakawa wa Chemchemi: Kumbukumbu za Kuiandika Spishi Mpya Chini ya Uwanda wa Makonde

Spishi mpya ya mdudu haitambulikani kwa macho ya mtu aliyesimama porini, hata awe mjuzi kiasi gani, kwa sababu upya wake haumo katika mwili wa mdudu bali katika uhusiano wake na wadudu wengine wote waliokwisha kuandikwa, ambao wengi wao wamehifadhiwa katika makabati ya makumbusho yaliyo mbali sana na mahali walipokamatwa. Kumbukumbu hizi zinamhusu mbawakawa mdogo mweusi wa kusini-mashariki mwa Tanzania, aliyepatikana katika majani yanayooza pembeni mwa chemchemi moja chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde, upande wa Newala, pamoja na kazi ambayo mwandishi na wenzake waliifanya ili kumtafutia nafasi yake katika orodha ya viumbe wanaojulikana. Jina alilokusudiwa kupewa halitajwi humu. Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, ambazo toleo lake la nne lilianza kutumika tarehe 1 Januari 2000, hulipa jina uhalali pale tu linapochapishwa pamoja na maelezo yanayoitofautisha spishi hiyo na nyingine. Jina linalotangulia kutajwa bila maelezo hayo huwa jina tupu lisilo na nguvu, na majina tupu ya namna hiyo yamewahangaisha sana wataalamu waliolazimika kutafuta yalikotoka.

Mbawakawa huyo ni wa familia ya Staphylinidae, ambayo kwa idadi ya spishi zilizoandikwa, zaidi ya 60,000, ni miongoni mwa familia kubwa kuliko zote za wanyama duniani. Watu wengi wanapotajiwa mbawakawa humfikiria mdudu wa mviringo aliyefunikwa mgongo mzima na mabawa ya mbele yaliyo magumu, lakini katika familia hii mabawa hayo ni mafupi mno, hufunika sehemu ndogo tu nyuma ya kidari, na kuliacha fumbatio, yaani sehemu ya nyuma ya mwili, likiwa wazi na huru kujipinda. Mabawa ya nyuma, yale ya kurukia, hukunjwa mara nyingi chini ya vifuniko hivyo vidogo. Umbo hilo humwezesha mdudu kupenya katika nyufa za udongo, chini ya magome na katikati ya majani yaliyolowa, mahali ambapo mbawakawa wa mabawa marefu angekwama.

Baadhi ya jamaa zake wanajulikana na kila mkulima wa Afrika Mashariki aliyewahi kuwasha taa usiku wa masika, nao ni wale wa jenasi ya Paederus, wenye rangi nyekundu na nyeusi, ambao wakipondwa juu ya ngozi huacha lengelenge refu linalowaka kama mchirizi wa moto. Sumu yao, pederini, haitengenezwi na mdudu mwenyewe. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani ya majike, ambao huirithisha kwa mayai na kuyakinga yasiliwe. Jambo hilo linastahili kutajwa hapa kwa sababu wanavijiji walipoonyeshwa mbawakawa wa chemchemi, swali la kwanza lilikuwa kama naye anaunguza, na swali hilo ni la maana: anayejua kuwatofautisha wadudu wawili wanaofanana umbo ameanza tayari kazi ya uainishaji, hata kama hajawahi kusikia neno taksonomia, yaani elimu ya kuvipanga na kuvipa majina viumbe.

Mbawakawa wa chemchemi haunguzi. Ni wa jenasi ya Stenus, iliyotajwa kwa mara ya kwanza na Mfaransa Latreille mwishoni mwa karne ya 18 na ambayo leo ina spishi zaidi ya 3,000, wingi ambao jenasi chache sana za wanyama zimeufikia. Wadudu wa jenasi hii ni wembamba, wana urefu wa milimita chache, na macho yao ni makubwa kiasi cha kuchukua karibu ubavu mzima wa kichwa. Macho hayo ni ya uwindaji. Chini ya mdomo wa Stenus kuna kiungo kilichofichwa, mfano wa fimbo nyembamba yenye vijitakia viwili vya kunata nchani, ambacho husukumwa nje ghafla kwa shinikizo la damu ya mdudu, kikalinasa windo na kulirudisha mdomoni kwa muda wa sehemu chache za elfu za sekunde. Windo lenyewe mara nyingi ni vijidudu virukavyo kwa mkia uliokunjwa chini ya tumbo, vyepesi kiasi kwamba taya za kawaida haziviwahi. Zaidi ya hapo, Stenus wengi wanaoishi kando ya maji wana tezi mwishoni mwa fumbatio zinazotoa kimiminika kinachosambaa haraka juu ya maji, na mdudu akiangukia kijitoni husukumwa mbele na utando huo hadi ukingoni bila kupiga mguu. Mwandishi aliyaona hayo kwa macho katika bakuli la bati lililojazwa maji ya chemchemi, na hakuna maelezo ya vitabuni yaliyokuwa yamemwandaa kwa kasi ile.

Kuwapo kwa mdudu wa kando ya maji katika nchi ya Wamakonde kunahitaji maelezo, maana uwanda wa Makonde unafahamika kwa ukame wake wa juu kuliko kwa kitu kingine chochote. Uwanda huo unapanda taratibu kutoka pwani kuelekea magharibi hadi kukaribia mita 900 juu ya usawa wa bahari, kisha unakatika kwa ukingo mkali, na mji wa Newala umekaa karibu kabisa na ukingo huo. Mgeni akipelekwa Shimo la Mungu huliona bonde lote likishuka kuelekea Ruvuma. Udongo wa juu ni wa mchanga uliotokana na mawe ya mchanga, kwa hiyo mvua inayonyesha kati ya Novemba au Desemba na Aprili huzama chini bila kutengeneza mito juu ya uwanda. Vizazi kwa vizazi vya wanawake wa Newala vilishuka na kupanda ukingo kwa ndoo kichwani kwa sababu ya jiografia hiyo. Maji yaliyozama hutokea tena chini, pale tabaka lisilopitisha maji linapokutana na mteremko, na huko ndiko ziliko chemchemi, kila moja ikiwa na kipande chake cha miti mirefu na majani yasiyokauka hata mwezi wa Septemba, wakati mikorosho ya juu imesimama katika mchanga mkavu.

Masasi ni nchi nyingine kabisa. Hapo, magharibi ya uwanda na chini yake, vilima vya mwamba mtupu vimechomoza kutoka tambarareni, kila kimoja peke yake, na vilima vya aina hii vya kusini mwa Tanzania ndivyo vilivyomfanya mjiolojia Mjerumani Wilhelm Bornhardt, katika kitabu chake cha mwaka 1900, avieleze kuwa visiwa vya nchi kavu. Wazo lake la visiwa linafaa vilevile kwa chemchemi za ukingo. Mbawakawa asiye na mabawa ya kurukia hawezi kuvuka kilomita kadhaa za mchanga mkavu na mashamba kutoka chemchemi moja hadi nyingine, wala kutoka chini ya Newala hadi kwenye michirizi ya maji inayotoka mguuni mwa mwamba wa Masasi. Na mbawakawa wa chemchemi ni mmoja wa hao, kwa kuwa vifuniko vyake vya mabawa ni vifupi kuliko kidari chake na vimebanwa mabegani, dalili ambayo katika jenasi hii huambatana na kupungua kwa mabawa ya nyuma. Jamii zilizotengana namna hiyo zinaweza kuachana polepole hadi kuwa spishi mbalimbali. Neno "zinaweza" limewekwa kwa makusudi, kwa sababu utengano wa mahali si ushahidi wa utengano wa spishi.

Kazi ya kukusanya ilianza kama kazi yoyote ya utafiti nchini inavyoanza, kwa kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), kisha barua za wilaya, kisha ofisi ya mtendaji wa kijiji, na mwisho kikao kifupi chini ya mwembe. Kikao hicho cha mwisho ndicho chenye uzito kuliko vyote, maana vipande vya msitu vilivyobaki kwenye chemchemi havikubaki kwa bahati. Vimelindwa na watu wanaoyahitaji maji, na baadhi yake vina makaburi au vilikuwa mahali pa jando, hivyo hakuna mtu mwenye akili anayeingia humo na chekeche na mifuko bila kupelekwa na mwenyeji. Aliyeteuliwa kuwaongoza watafiti alikuwa mzee aliyestaafu ualimu wa shule ya msingi, mtu mwenye maneno machache na mwandiko mzuri.

Njia ya kuwapata wadudu wa majani yanayooza ni nyepesi kuieleza. Majani yaliyolowa hukwanguliwa hadi kwenye udongo, hutikiswa katika chekeche lenye matundu ya ukubwa wa punje ya mahindi, na unga unaodondoka hutandazwa juu ya kitambaa cheupe, ambapo mtu aliyepiga magoti husubiri hadi kitu kitembee. Subira ndiyo sehemu ngumu. Wadudu wengi wa aina hii hujifanya wamekufa kwa dakika kadhaa, na mtafiti mwenye haraka humwaga unga ukiwa bado umejaa viumbe hai. Wanawake wanaopepeta nafaka walikuwa stadi zaidi kuliko wanafunzi wa chuo. Waliutingisha ungo kwa namna iliyotenga chembe nzito na nyepesi, na mbawakawa wakabaki ukingoni wakionekana wazi. Mbinu hiyo haimo katika miongozo ambayo mwandishi amewahi kuisoma, naye anaona inastahili kuwamo.

Kila mdudu aliyetiwa katika kichupa cha ethanoli aliambatana na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka: nchi, mkoa, wilaya, mahali, mwinuko, tarehe, namna alivyopatikana na jina la mkusanyaji. Mzee alikiomba kipande kimoja, akakisoma kwa makini, akauliza kwa nini mahali pameandikwa kwa umbali kutoka Newala.

"Newala ni mji, wanangu," alisema. "Maji haya yana jina lao, na yale ya ng'ambo ya kibonde yana la kwao. Mkiandika mji, atakayekuja baada yenu atakwenda wapi?"

Alijibiwa kuwa kipo chombo kinachopima mahali kwa setilaiti. Akasema ni vyema, lakini chombo hicho kingempeleka mtu mahali bila kumwambia yuko kwa nani. Majina ya chemchemi zote mbili yakaandikwa kama alivyoyatamka, na herufi alizisahihisha mwenyewe.

Uzito wa shauri hilo ulionekana baadaye, kazi ilipohamia kwenye meza ya hadubini na kwenye maandiko ya zamani. Mtu anayetaka kusema kuwa Stenus wake ni mpya hulazimika kumlinganisha na kila jamaa wa karibu aliyekwisha kupewa jina katika Afrika, na spishi za familia hii barani zimeandikwa na watu waliofanya kazi kwa muda mrefu na mbali: Max Bernhauer, mthibitishaji wa hati wa Austria aliyezieleza maelfu ya spishi na ambaye mkusanyo wake uko Chicago, Malcolm Cameron, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye wake uko London, Gaston Fagel wa Ubelgiji, na kwa jenasi ya Stenus hasa, Volker Puthz wa Ujerumani, ambaye ameandika juu yake tangu miaka ya 1960 na bila funguo zake za utambuzi mtafiti wa leo angekuwa kipofu. Maelezo ya zamani mara nyingi ni mistari michache ya Kilatini au Kijerumani: rangi, urefu, vitundu vya mgongoni, na neno moja la mahali. Neno hilo laweza kuwa jina la koloni zima. Hapo ndipo swali la mzee linapouma, kwa kuwa mtafiti anayetaka kurudi pale alipotoka mdudu wa kwanza ili apate wengine wa kulinganisha hana pa kurudi.

Maelezo yasipotosha, kinachobaki ni kumtazama mdudu mwenyewe aliyetumiwa, yaani holotaipi, kielelezo kimoja ambacho jina la spishi limefungwa kwake daima, hivi kwamba maoni ya wataalamu yakibadilika, jina humfuata mdudu yule na si maneno ya aliyemwandika. Kwa sababu hiyo kanuni za mwaka 2000 zinamtaka mwandishi ateue holotaipi waziwazi na aseme inatunzwa katika mkusanyo gani. Thamani ya utunzaji huo imeonyeshwa vizuri na mbawakawa mmoja wa familia hii hii, aliyekamatwa na Charles Darwin huko Bahía Blanca, Argentina, mwaka 1832 na kubaki bila jina katika mikusanyo ya London hadi Stylianos Chatzimanolis alipomweleza mwaka 2014 kwa jina la Darwinilus sedarisi. Zilipita miaka 182 kati ya mkono uliomkamata na kalamu iliyomwandika, na katika muda huo wote kilichomwokoa ni sindano moja na karatasi iliyomwambia msomaji ametoka wapi.

Mbawakawa wa chemchemi alilinganishwa kwa picha, kwa vielelezo vilivyoazimwa, na zaidi ya yote kwa kiungo cha uzazi cha dume. Msomaji asishangae. Katika Stenus, kama katika wadudu wengi wadogo, spishi mbili zinazofanana nje kama pacha hutofautiana ndani, katika umbo la kiungo hicho kigumu, na bila kukichomoa kwa sindano, kukilainisha na kukichora kutoka chini na ubavuni, hakuna mtaalamu atakayekubali hoja ya upya. Kiungo chenyewe hakifiki milimita moja. Mwandishi anakumbuka kimya cha chumba wakati kile cha kwanza kilipogeuzwa chini ya lenzi na ncha yake ikaonekana imepanuka na kugawanyika kwa namna ambayo hakuna mchoro wowote wa jamaa zake uliokuwa nayo. Na anakumbuka vilevile kwamba mwenzake mkubwa hakusema neno la furaha, bali aliomba dume wa pili, kisha wa tatu, kwa kuwa kielelezo kimoja chaweza kuwa kilema. Madume wote watatu walilingana. Kipimo cha vinasaba kilifuata na kiliunga mkono matokeo hayo, ingawa hakiwezi kuchukua nafasi ya michoro, maana holotaipi nyingi za zamani zimekauka kiasi kwamba hazitoi vinasaba vya kulinganisha.

Ubishi mkubwa zaidi ulihusu jina na makazi. Kusini-mashariki mwa Tanzania kuna historia ndefu ya viumbe vyake kusafiri: mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, karibu na Lindi, ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na ikapelekwa Berlin, na Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, alisubiri hadi mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja akaitwa Australodocus bohetii kwa heshima yake. Heshima hiyo ni njema, lakini ilikuja baada ya yeye kuwa amekwisha kufariki zamani. Pendekezo la kumpa mbawakawa jina la mzee wa chemchemi lilifikishwa kwake, naye akakataa kwa upole, akisema maji yalikuwapo kabla ya babu zake. Kwa hiyo jina litatokana na mahali. Kuhusu makazi, mwandishi anashikilia kwamba mdudu aliyeishi chini ya Newala anapaswa kutunzwa mahali ambapo mwanafunzi kutoka Newala anaweza kufika kwa basi, na kwamba holotaipi ikibaki Dar es Salaam huku paratipi, yaani vielelezo vingine vilivyotumika katika maelezo yale yale, zikigawanywa kwa makumbusho ya Ulaya na Nairobi, hakuna anayepoteza na wengi wanafaidika. Wapo wanaojibu kuwa makabati ya Ulaya ni salama zaidi dhidi ya ukungu na wadudu walao vielelezo. Hoja yao ina ukweli ndani yake, ila dawa yake ni kununua makabati na kuajiri watunzaji, na si kuendelea kuvihamisha vielelezo.

Limebaki suala la Masasi. Katika michirizi ya maji chini ya mwamba mmoja nje ya mji walipatikana Stenus wanaofanana sana na wale wa Newala kwa rangi, kwa vitundu vya mgongoni na kwa ufupi wa mabawa, lakini wote walikuwa majike, na viungo vya majike wa kundi hili havitoi tofauti za kutosha kuamua. Ingekuwa rahisi kuwaingiza katika orodha ya paratipi na kuipanua ramani ya spishi hadi Masasi. Ingekuwa rahisi vilevile kuwatangaza kuwa spishi ya pili. Hawakufanyiwa lolote kati ya hayo. Wamebandikwa kila mmoja kwenye kadi yake, wakaandikiwa jina la mwamba kama wenyeji wanavyouita, na chini yake neno "Stenus" pamoja na alama ya jike tu, na andiko la kitaalamu linawataja katika aya moja nje ya maelezo rasmi, likieleza mahali hasa palipochekechwa na mwezi wenyewe, ili atakayepita hapo baada ya mvua za kwanza, majani yakiwa yamelowa na madume wakiwa wametoka, ajue aanzie upande gani wa mwamba.